Neno la Osla Lililokosa Shahidi

Osla Mouat alikuwa hawezi kumwachia mtu neno geni likapita hivi hivi. Akikusikia umetamka kitu asichokijua pale dukani kwake, hata kama umekuja kununua kiberiti na una haraka zako, anakubana. Umelitoa wapi hilo? Nani alikuwa akilisema, mama yako au bibi yako? Wa upande gani wa kisiwa? Wewe umesimama na kiberiti mkononi, mlango wa gari uko wazi na mvua inaingia, na yeye bado anatafuta kalamu. Wengi wetu hapa kisiwani Yell tulijifunza kununua vitu kwa kunyoosha kidole.

Ugonjwa huo aliuokota mjini Lerwick akiwa na miaka kumi na sita, alipokwenda kufanya kazi ya kupasua samaki wa heringi. Wasichana wa visiwa vyote vya Shetland walikuwa pale, wamejipanga kwenye mapipa, vidole vimefungwa vitambaa ili chumvi isiwachome kwenye majeraha. Siku ya kwanza tu Osla akagundua kuwa kile kitambaa cha kidole kina majina manne, kutegemea ni nani anakifunga. Wenzake walilalamika mgongo na baridi. Yeye alirudi chumbani akaandika yale majina manne kwenye karatasi ya sukari, na tangu siku hiyo hakuacha. Aliolewa, akafiwa na mumewe Ertie mapema, hakujaaliwa mtoto, akashika duka na kaunta ya posta, na miaka yote hiyo akaandika. Neno moja, kadi moja: nani kasema, wapi, lini. Kadi zikishajaa kisanduku cha viatu, anazituma Edinburgh kwa watu wa kamusi, naye anabaki kungoja jibu kama wengine wanavyongoja barua za wana wao walioko ng'ambo.

Mwaka 1978 wale watu wa kamusi wakaamua kutoa kitabu kidogo cha maneno ya Halowini peke yake: maneno yote ya Kiingereza ambayo watu wa Skotlandi na visiwa vyake huyatumia jioni ile ya mwisho wa Oktoba, mizimu inapotembea na watoto wanapopita nyumba kwa nyumba. Kiingereza cha huku kwetu nacho kilihesabiwa, ingawa Waingereza wenyewe wakikisikia huanza kutafuta mkalimani. Mwezi wa Septemba akaja binti mmoja kutoka ofisi hiyo, Fenella Rintoul, mwembamba, viatu vyake si vya matope, na orodha ndefu iliyopigwa chapa. Osla akamkalisha karibu na jiko, akamtilia chai nyeusi tii.

"Tuanze na popo, Mama Osla. Popo hapa mnamwitaje?"

"Hatumwiti."

"Kwa nini?"

"Hayupo."

Fenella akaandika kitu. "Na bundi, yule anayekaa juu ya mti?"

"Mti gani, mwanangu?"

Binti akageuka kutazama nje. Kuanzia dirishani hadi baharini palikuwa na majani, kondoo, na upepo. Akapiga mstari kwenye bundi, na kwenye mti pia.

"Boga je? Boga lililochongwa macho na meno, lenye mshumaa ndani."

"Boga sijawahi kulitia machoni. Sisi tunachonga tanipu. Unaijua tanipu, kile kiazi cha kulisha kondoo? Ngumu kama jiwe. Ukimaliza kuchonga moja, mkono unakufa ganzi wiki nzima, na ukiwasha mshumaa ndani, nyumba inanuka mpaka Krismasi."

Fenella akacheka, akaweka orodha pembeni, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa mazungumzo. Osla alimweleza habari za vinyago vya majani makavu. Zamani, jioni ya Halowini, watu wazima ndio waliokuwa wakitoka, wamevaa sketi na vizibao vya mabua ya shayiri, kofia ndefu za mabua, na shela nyeupe usoni. Wanaingia nyumbani kwako bila kubisha, wanasimama katikati ya chumba. Kazi yako ni kumtaja kila mmoja. Ukimpata, sharti afunue uso, akae, ale. Usipompata, anakula mkate wako akiwa amefunikwa na anaondoka, na wewe unachekwa mpaka mwakani. Ili asijulikane kwa sauti, kinyago hasemi kama watu wasemavyo. Anasema huku akivuta pumzi ndani. Sauti inatoka kavu, ya kukwaruza, haina mwanamume wala mwanamke.

Osla akamwonyesha. Akavuta pumzi, na ndani ya pumzi hiyo akasema, "Nipe mkate." Fenella akashtuka akamwaga chai.

"Hiyo ina jina?"

"Kwetu inaitwa ansk," akasema Osla. "Kupiga ansk. Hilo hutalikuta kwenye karatasi yako."

Hakulikuta kweli. Fenella alichachawa kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Akauliza nani mwingine analisema. Osla akafikiri. Baba alilisema, mama alilisema, na ndugu yake mdogo kuliko wote, Magnie, ndiye aliyekuwa bingwa wake. Wote walikuwa wameshakufa. Majirani walisema tu "kuongea kinyumenyume".

"Kuna kaka yangu Gibbie," akasema mwishowe, akiangalia birika.

Basi Fenella akamweleza sheria ya kitabu. Neno halichapwi kwa shahidi mmoja. Wanatakiwa wawili, na huyo wa pili haruhusiwi kuulizwa, "Je, unalijua neno hili?" Lazima asikike akilisema mwenyewe, katika maneno yake, bila kutegwa. Watu wa kamusi walikwisha kudanganywa sana na wazee wanaopenda kuwafurahisha wageni. Mtu yeyote anaweza kumsikia, hata Osla mwenyewe, mradi aandike kwa uaminifu. Na makaratasi yote yanakwenda kwa mpiga chapa tarehe kumi Novemba.

Siku iliyofuata Fenella alikwenda nyumbani kwa Gibbie, ng'ambo ya ghuba, mwendo wa dakika ishirini. Baada ya robo saa alikuwa ameshafukuzwa.

"Amesema hakai kuhojiwa," akamwambia Osla, uso umemshuka. "Amesema nije kwako. Amesema, 'Muulizeni Osla, yeye ndiye bingwa wa kuwataja watu.'"

Osla alimfungia binti mkate wa njiani, akamsindikiza kwenye kivuko, akarudi dukani, akapanga upya makopo ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Sasa lazima niseme kilichotokea, maana Fenella hakuambiwa. Katika kisiwa kizima hapakuwa na mtu aliyemshinda Osla kwa kuvitaja vinyago. Hakuwa na uchawi. Alikuwa akiangalia miguu. Watu hujifunika kichwa hadi magoti wakasahau kuwa wamesimama juu ya kitu. Mwaka mmoja Rasmie Inkster alivaa kiatu cha kulia kushoto na cha kushoto kulia ili kumchanganya. Osla hakumpa hata nafasi ya kufunga mlango: "Rasmie, kaa chini kabla hujavunjika." Mchungaji mgeni naye akaletwa amefunikwa, akidhani hajulikani kabisa. Osla akatazama viatu vyake, akamkaribisha kwa cheo chake kamili.

Julai ya mwaka 1959 Magnie alitoka na mashua kwenda kuvua, bahari imelala kimya, hata gambuti zake hakuvaa. Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana. Miezi mitatu baadaye Halowini ikafika, na watu wakasema vinyago vipite tu kama kawaida, pengine itawachangamsha wafiwa. Wakaingia watano nyumbani kwa Osla. Wa mwisho alikuwa mrefu, na miguuni alikuwa na gambuti nyeusi zenye kiraka cha mpira wa baiskeli kwenye kifundo cha kushoto. Osla akatazama miguu, kama kawaida yake, na mdomo ukamtangulia.

"Magnie!" akasema.

Jioni ile jina la marehemu halitajwi mbele ya kinyago. Hakuna aliyetufundisha, tulizaliwa tukijua. Unayemwita ndiye anayeweza kuja. Kile kinyago kirefu kilisimama kidogo, kikageuka, kikatoka bila kufunua. Alikuwa Gibbie. Alikuwa amewaambia wenzake gambuti zake zimelowa, akaazima za Magnie zilizokuwa zimebaki barazani kwao.

Asubuhi Osla alikwenda kumwomba msamaha. Mlango haukufunguliwa. Alituma barua tatu. Alimtuma mchungaji, akamtuma jirani yake Baabie Isbister. Gibbie hakujibu. Watu wakasema Gibbie ameelewa kwamba dada yake angependa yeye ndiye aliyezama na Magnie ndiye aliyesimama pale. Miaka kumi na tisa walipishana barabarani wakitazama kondoo. Gibbie alinunua kiberiti chake kwenye gari la duka lililokuwa likipita kila Alhamisi.

Baada ya Fenella kuondoka, Osla hakulala vizuri. Alijiambia ni kwa sababu ya neno tu. Maneno mengine yote aliyotuma miaka arobaini, kila mara alijibiwa asante sana, hili tunalo tayari kutoka mahali fulani. Hili peke yake lilikuwa la nyumba yao. Magnie alikuwa akilipiga mpaka mbwa wanajificha. Kaburi hana, jiwe lenye jina hana, na sasa hata neno lake lingekufa siku Osla atakapokufa. Lilimuuma sana. Na aliyebaki kulisema alikuwa mmoja tu duniani, na huyo walikuwa hawasemezani.

Tarehe thelathini na moja Oktoba, saa tisa mchana, jua likiwa tayari linajiandaa kuaga, Osla alifunga duka. Akamwita Baabie, akamwonyesha lundo la mabua ya shayiri jikoni.

"Nifunge," akasema.

Baabie akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Una miaka sitini na mitatu, wewe."

"Mabua hayaulizi umri."

"Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya ghuba."

Baabie akafunga mdomo, jambo ambalo kwake si rahisi, akachukua kamba. Alimzungushia sketi ya mabua, kisha kizibao, akakaza mpaka Osla akaguna. "Vuta tumbo. Uliwahi kuvaa hivi kweli?"

"Sijawahi. Mimi nilikuwa mtajaji."

"Basi leo utaona joto lake," Baabie akasema, akamvika kofia na kumshusha shela. "Na akikufungia?"

"Kinyago hakifungiwi mlango."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo alilolitegemea. Osla Mouat mwenye uso wake alikuwa hawezi kuingia nyumba ile. Kinyago kingeweza kuingia nyumba yoyote. Akaizunguka ghuba taratibu, mabua yakimchoma shingoni, moyo ukimpiga kuliko siku aliyokwenda Lerwick. Watoto watatu wenye tanipu zao walimpita mbio, wakapiga kelele, wakakimbia zaidi.

Gibbie alikuwa peke yake na mbwa na redio. Kinyago kilipoingia, mbwa akaenda chini ya meza. Gibbie akazima redio. Alikuwa amezeeka, Osla aliliona hilo kupitia shela, akajua kwamba barabarani hakuwa akimtazama kabisa.

"Karibu, karibu," Gibbie akasema polepole. "Nilidhani mmekwisha nyote. Simama kwenye mwanga. Geuka. Haya. Mfupi. Mnene kidogo."

Mnene! Osla alikaribia kujisahau.

"Wewe ni Baabie Isbister."

Kofia ikatikisika: hapana.

"Mke wa mwalimu?"

Hapana.

"Basi sema kitu, nisikie."

Osla akavuta pumzi. "Nimetoka mbali," akasema, na sauti ikatoka kavu, ya kukwaruza, kama sauti ya mlango wa zizi.

Gibbie akaweka kiko chini.

"Nani kakufundisha ansk?" akauliza. "Vitoto vya siku hizi haviijui. Vinakuja na nyuso za plastiki, vinaongea kwa sauti zao zile zile, halafu vinataka peremende."

Ikawa imekwisha. Amelisema mwenyewe, hakuulizwa, hakutegwa. Osla alikuwa na neno, mahali, tarehe, na shahidi wa pili. Kilichobaki ni kupokea kipande cha mkate, kuinama na kutoka. Aliiambia miguu yake iende. Haikwenda.

Gibbie naye akaendelea kutaja. Akataja wake wa wavuvi, akataja wajane, akamtaja mpiga kinanda wa kanisani ambaye ni mrefu kama mlingoti. Akamtaja tena mke wa mwalimu.

"Huyo umeshamtaja," Osla akasema ndani ya pumzi.

"Najua."

"Unanijua."

"Tangu getini," Gibbie akasema. "Unatembea kama mtu anayewahi duka lisifungwe, na duka lenyewe ni lako. Lakini nikikutaja itabidi ufunue, na ukifunua itabidi tutazamane. Kaa kwanza hivyo hivyo."

Osla akakaa, mabua yakapiga kelele kwenye kiti. Ansk haikupi nafasi ya maneno mengi. Pumzi moja inabeba matatu au manne tu, huwezi kutia chumvi wala kuzunguka.

"Niliangalia gambuti," akasema.

"Najua. Ulimtuma mchungaji aje aniambie gambuti. Ukamtuma Baabie, gambuti. Barua tatu, zote gambuti."

"Siyo gambuti tu."

Gibbie akangoja.

"Nilifurahi." Osla akavuta pumzi nyingine. "Nilidhani amerudi. Nikafurahi, Gibbie. Na wewe ukaniona."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote. Miaka kumi na tisa alijificha nyuma ya zile gambuti, kwa sababu zilikuwa kweli na hazikumuumiza mtu. Sasa alingoja kaka yake amfukuze, na aliona atastahili.

Gibbie alisugua magoti yake kwa viganja. "Gambuti zangu zilikuwa kavu," akasema.

Osla hakuelewa.

"Siku ile. Niliwaambia zimelowa. Zilikuwa kavu, zimesimama karibu na jiko. Za Magnie nilizivaa kusudi."

"Kwa nini?" Osla akauliza, akasahau kuvuta pumzi, ikatoka sauti yake mwenyewe.

"Kwa sababu wewe huangalia miguu. Nilitaka mtu amwite. Mimi nilikuwa siwezi, nilikuwa naogopa. Nikasema Osla ataona kiraka, atamwita, naye akiitwa labda ataingia mara moja tu apate joto. Ukamwita kweli. Na mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yangu. Nikaona nimemfungia nje. Nikatoka kumtafuta, dada. Nilizunguka ufukweni mpaka kukapambazuka. Ulipokuja asubuhi kuniomba msamaha sikuwa na uso wa kukutazama. Jina lile mimi ndiye niliyekutia mdomoni. Siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake."

Mbwa akatoka chini ya meza, akanusa mabua, akalala juu ya miguu ya Osla.

"Osla," Gibbie akasema.

Ametajwa. Akanyanyua shela. Uso ulikuwa umelowa wote, na mabua mawili yamenasa kwenye nywele. Gibbie akaangalia pembeni, akaweka birika jikoni, akakata nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, vipande vinene kama vya mtu anayelisha wavunaji. Wakala. Osla alimsimulia kuhusu kitabu na shahidi wa pili, tena alimwambia wazi kwamba alikuja kumwibia neno. Gibbie akauliza kama jina lake litaandikwa. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi waandike Gilbert, siyo Gibbie, watu wa Edinburgh wasije wakadhani ni mbwa.

Wakabishana ni nani kati yao aliyepiga ansk vizuri zaidi utotoni. Osla akapiga, Gibbie akapiga, akapaliwa na mkate, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Wote hatufiki kwa Magnie," Gibbie akasema.

Jina hilo alilitamka kwa sauti yake ya kawaida, jioni ya Halowini, taa ikiwaka. Kicheko kikaisha. Nje upepo ulikuwa umetulia. Wakageuka wote wawili, wazee wenye mvi, wakautazama mlango. Kisha Gibbie akainuka, akaenda, akaufungua.